Kumbukumbu za Kikao, Cwm Hesgen

Kazi yangu ni kuandika, si kusema.
Miaka kumi na minane nimekaa pembeni ya meza hii,
karibu na birika na sahani ya biskuti,
nikiyanakili maneno ya waheshimiwa
kisha kuyapiga pasi yasiwe na makunyanzi.

Jumanne, saa moja usiku. Mvua.
Waliohudhuria: madiwani kumi na mmoja.
Walioomba radhi: wawili, mmoja kwa mafua.

Ajenda ya nne. Idwal alisimama, miwani mkononi,
akasema dunia inaungua na sisi si visiki.
Akataja mwaka, akataja asilimia:
hewa ukaa itashuka, bonde zima litatembea,
litaendesha baiskeli, wajukuu watatushukuru.
Ahadi ni deni, akamalizia.
Mikono yote juu. Nikaandika: bila kupingwa.
Mtu alipiga makofi. Hilo haliandikwi.

Ya tano, choo cha bustani. Ya sita, mbwa wasiofungwa.

Ajenda ya saba.
Meilyr, mhandisi, alitandaza ramani
akaibana kwa vikombe kwenye pembe nne
maana ilitaka kujikunja tena.
Barabara ya mchepuko: kilomita sita, njia nne,
kutoka mzunguko wa kiwanda cha maziwa
kulipasua bonde hadi daraja jipya.
Dakika saba, alisema. Kila gari litaokoa dakika saba.
Mimi nilitazama kikombe kilichoketi juu ya kinamasi,
pale sululu wanapotaga mwezi wa nne.
Sululu wa mdomo mrefu, anayedunga tope taratibu
kama fundi saa,
na sululu ya chuma, ambayo haitagi.
Jina moja. Kinamasi hakitawatosha wote wawili.

Mikono ikapanda. Ilikuwa mikono ile ile,
naijua kwa saa zake na pete zake,
na wa Idwal ulikuwa wa pili kutoka kushoto,
bado umeshika miwani.

Kisha nafasi ya wananchi, dakika tatu.
Tegwen, yule wa koti la njano
anayevusha watoto asubuhi.
Hakuleta hotuba. Alileta utepe wa kupimia
aliouazima kwa seremala.
"Kutoka geti la shule hadi kituo cha basi
ni mita mia tatu na arubaini. Nimepima mara mbili.
Njia ya miguu hakuna. Watoto wanapita ukingo wa mtaro,
mmoja nyuma ya mwenzake kama bata,
na lori la maziwa linawapeperusha nywele.
Naomba mita. Sijaomba kilomita."

Mweka hazina alifungua jalada, akalifunga.
Fungu hilo, alisema, halipo.
Tegwen alibonyeza kitufe; utepe ukarudi ndani
kwa mlio wa nyigu, ukanyamaza.

Nilirudi kwa baiskeli, taa yangu
ikiona hatua tatu tu mbele.
Kwenye kona ya kanisa lori likanijia kwa nyuma,
nikashuka mtaroni, mguu mmoja ukajaa maji.
Honi ikalia mara mbili, kwa upole: Gethin,
binamu yangu, ananisalimu.
Si mtu mbaya. Bintiye hulala saa mbili
na yeye hufika saa mbili na dakika tano.
Hizo dakika saba namwelewa anazitakia nini.

Soksi ikikauka juu ya jiko, nikaketi kunakili.
Kanuni inasema mwandishi asitie neno lake.
Sikutia.
Ila choo na mbwa nimewahamishia ukurasa wa mwisho,
chini ya Mengineyo,
ili ya nne na ya saba zilale jirani,
zigusane mabega.

Mwezi ujao wataletewa wathibitishe.
Huenda mmoja akasoma.
Kwa kawaida hutia saini tu, huku wakiulizana
nani amemaliza biskuti.